Nyota nne kwa daktari aliyesoma umri wa fereti wangu mdomoni

Aliyenipa Kiberiti, fereti wangu, alisema ana mwaka mmoja na nusu. Alikuwa anahama, kadi ya chanjo imepotea kwenye maboksi, na mimi sikuwa na sababu ya kumbishia. Wiki ya nne mnyama alipiga mwayo pajani mwangu nikiwa kwenye meza ya kazi, taa inawaka, nikaona chonge zenye rangi ya karatasi ya zamani. Mimi ni fundi saa. Kitu kilichochakaa nakitambua hata kikisuguliwa kikang'aa, na chonge zile hazikuwa za mwaka mmoja na nusu.

Umri wa fereti si jambo la kuulizana kwa udadisi tu. Huyu ni mnyama wa ukoo mmoja na kicheche, na wengi wao huishi miaka mitano hadi minane hivi. Akishapita mitatu, uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo na ule wa kongosho unakuwa jambo la kutazamiwa. Kwa hiyo kati ya mwaka mmoja na nusu na minne na nusu kuna tofauti ya kumwacha acheze na kumwangalia kila akichechemea.

Daktari wa kwanza niliyempelekea alimfunua mdomo kwa muda wa kupepesa jicho, akasema, "Huyu mtu mzima." Hilo hata mimi nililijua. Sitaendelea naye.

Wa pili ndiye ninayemwandikia maneno haya. Hakumlazimisha kufungua mdomo. Alimshika ngozi ya kisogo, akamwinua huku mkono mwingine umebeba miguu ya nyuma, na Kiberiti, ambaye nyumbani hatulii hata kwa kucha moja kukatwa, akalegea kama soksi na kupiga mwayo mwenyewe. Mwayo mmoja, wa pili, wa tatu. Kila mwayo daktari anachungulia upande mwingine. Sindano ya usingizi haikuhitajika.

Alianza kwa kuhesabu. Fereti mkubwa ana meno 34, na yote yalikuwepo, moja likiwa limevunjika. Kisha akanieleza jambo lililonikaa sana kwa sababu ya kazi yangu. Kwa mtoto, meno ni saa kweli: chonge za kudumu hutokeza karibu wiki ya saba, na kwa siku chache utamkuta mtoto ana chonge ya utotoni na ya kudumu zimesimama bega kwa bega. Mtoto wa namna hiyo unaweza kumkadiria umri kwa wiki. Akishamaliza kuota meno, kabla hata ya kufika miezi mitatu, saa hiyo inasimama. Kuanzia hapo husomi mshale tena, unasoma uchakavu wa kasha.

Na uchakavu wenyewe una namna yake. Chonge ya fereti kijana ni nyeupe tupu, haipitishi mwanga, ncha yake kama sindano. Miaka inavyokwenda, weupe unaanza kuikimbia ncha. Panabaki kitu kama ukingo wa ukucha, unaona mwanga unapita, na eneo hilo linapanda taratibu kuelekea kwenye ufizi huku jino lote likiingia umanjano. Sababu iko ndani: jino hai linaendelea kujijenga kutoka ndani, uwazi wenye mishipa unazidi kuwa mwembamba, na dentini yenyewe, ile sehemu kubwa ya jino iliyo chini ya tabaka la nje, inakuwa ngumu na kupitisha mwanga. Aliweka tochi ndogo nyuma ya chonge ya juu kulia akaniita nione. Ncha ilikuwa inapitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, na juu yake jino likiwa bado zito. Nilitoa lenzi yangu mfukoni. Hakunikataza.

Hapo ndipo aliponisahihisha. Nilimweleza jinsi nilivyoona meno ya njano, akauliza taa yangu ya kazi ni ya aina gani. Ni ya njano. "Taa hiyo inamzeesha kila mtu," akasema. Chini ya mwanga mweupe rangi haikuwa mbaya hivyo. Fundi mzima nimedanganywa na balbu yangu mwenyewe. Kilichomfanya akubali kwamba Kiberiti si kijana ni ule mwanga kwenye ncha, rangi aliiweka nyuma.

Vitu viwili vingine alivitoa kabisa kwenye hesabu. Chonge ya chini kushoto imekatika ncha, na mimi nilikuwa nimeshaihesabu kama dalili ya uzee. Kumbe fereti anayetafuna nondo za kizimba huvunja jino akiwa na umri wowote. Halafu ukoga wa kahawia kwenye meno ya nyuma: huo unategemea sana anachokula na kama aliwahi kusafishwa. Kuna vijana wenye ukoga mnene na wazee wenye meno safi. Akaongeza kwamba hasomi meno peke yake, akampapasa misuli ya mgongo, akatazama macho kama yana ukungu, akapekua manyoya ya mkiani kutafuta upara.

Jibu lake: kati ya miaka mitatu na mitano. Nikambana. Nikamwambia mimi nimezoea sekunde. Akasema wapo watafiti wanaokata jino la mnyama na kuhesabu matabaka ya mzizi kwa hadubini, kama pete za mti, ila jino lazima kwanza litoke mdomoni. "Nimng'oe?" Nikanyamaza. Akaniambia nikimlazimisha atasema minne, lakini nisimnukuu popote. Naona nimeshamnukuu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni picha. Alipiga kila chonge picha, mwanga uleule, pembe ileile, akazihifadhi kwenye faili la Kiberiti ili baada ya miezi sita alinganishe. Alipendekeza pia apimwe sukari ya damu, kwa kuwa umri huo ndio uvimbe wa kongosho unapoanza kuleta shida. Majibu yalikuwa mazuri.

Sasa nyota niliyoikata. Pale mapokezi kompyuta yao ina kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa na haikubali kiachwe wazi. Dada wa mapokezi akajaza Januari 1, akarudi nyuma miaka minne, akachapisha. Daktari ametumia nusu saa akikataa kutaja hata mwezi, na karatasi inatoka ikiwa na siku kamili! Nikaomba waandike neno "makadirio". Mfumo hauna nafasi hiyo. Nimeliandika kwa kalamu kwenye nakala yangu, lakini daktari mwingine akifungua faili lao ataisoma tarehe ile kama cheti. Pia chumba cha kusubiria ni kimoja kwa mbwa na fereti, na Kiberiti alitetemeka ndani ya mkoba mpaka zamu yetu ilipofika.

Ukitaka kuangalia mwenyewe kabla ya kwenda, subiri apige mwayo karibu na dirisha mchana. Usimtie kidole mdomoni, chonge za mzee zinauma vilevile.

Jioni ile nilimpigia simu aliyenipa. Sikumpigia kwa ugomvi, nilitaka tu kujua. Akasema yeye hakunidanganya, mwaka mmoja na nusu ndio umri alioambiwa siku alipomchukua Kiberiti. Nikamuuliza alimchukua lini. Akafikiri kidogo. "Miaka mitatu sasa."