Saa ya kamani ya kwanza: anzia kwa fundi wako

Kabla hujatoa pesa, tafuta fundi saa unayemwamini. Saa ya kamani si kama ya betri. Mafuta yake hukauka, na baada ya miaka kadhaa lazima ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta upya. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: ikisimama, nani ataifufua?

Ya kwanza ni Seiko 5, wala sisiti. Ilitoka Japani mwaka 1963, na wengi wetu tuliiona kwanza mkononi mwa baba au babu. Ya babu yangu ilikuwa inalala kwenye mtoto wa meza. Ukiinyanyua na kuitikisa kidogo, unasikia kipande cha chuma kikizunguka ndani, kisha mshale wa sekunde unaanza safari. Zile zenye mashine ya 7S26 hazijazwi kwa kuzungusha kitufe cha pembeni, zinategemea mwendo wa mkono wako tu. Seiko 5 Sports za kuanzia 2019 zina 4R36: unaijaza mwenyewe, na ukiivua hutembea takriban saa 41. Kiwanda chenyewe kinaruhusu iwahi hadi sekunde 45 au ichelewe hadi 35 kwa siku, basi usigombane na muuzaji kwa sekunde kumi. Fundi karibu wote wanaijua. Ukiagiza kwa ndugu aliye Dubai au Muscat, mwambie atafute yenye siku za wiki kwa Kiarabu; inapendeza mno.

Ya pili, Orient Bambino. Hii ni ya kanzu au suti, yenye kioo kilichobinuka kama za zamani. Usiogee nayo: mita 30 zilizoandikwa maana yake ni matone tu. Na mkanda wa ngozi, kwa jasho la Pwani, hautakaa. Nunua wa pili mapema.

Ya tatu, Vostok Amphibia ya Chistopol, Urusi. Imeundwa kuzama mita 200. Ukifungua kitufe chake kitacheza-cheza kama kimevunjika; ndivyo kilivyotengenezwa. Vipuri vyake ni taabu kuvipata, ndiyo maana nimeishusha.

Ya nne, Tissot PRX Powermatic 80. Nzuri kweli, na ukiivua Ijumaa jioni utaikuta inatembea Jumatatu asubuhi. Lakini mwendo wake hurekebishwa kiwandani kwa leza, hivyo fundi wa mtaani hana pa kushika, na bei yake kwa kawaida huzidi mara mbili ya Seiko 5 Sports.

Mgeni asiguse HMT za India zinazouzwa mtandaoni kama mpya. Nilinunua moja, uso wake unang'aa. Fundi wangu alipoivalia lenzi akanipa nami nitazame: rangi mpya imepakwa juu ya ya zamani, herufi zimevujia pembeni, na mshale mmoja ni wa saa nyingine. Omba picha ya mashine ikiwa wazi. Akikataa, mwache na saa yake.

Ukishanunua, usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Wakati huo meno ya tarehe yameshikana, na ukilazimisha yanakatika. Shusha kwanza mshale mfupi hadi kwenye 6, ndipo uzungushe tarehe.