Mwaka Mmoja na GrapheneOS: Wateja Wawili Waitwao "Yote Heri" na Benki Iliyonikataa

"Wewe ndiye Dada Kadi Tabata?"

Saa nne usiku, namba ngeni, sauti ya kijana asiyejua salamu. Nikaitikia nikidhani ni mteja. Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na za michango, na watu wa harusi hawana saa. Kumbe si harusi. Binti wa shangazi yangu alikopa elfu sitini kwenye programu ya mikopo ya simu, siku zimepita, na mimi natakiwa nimwambie alipe kabla ya asubuhi, la sivyo picha yake itasambazwa. Sikuwa mdhamini wake, wala sikujua kama amekopa. Ila kwenye simu yake amenihifadhi kwa jina hilohilo, "Dada Kadi Tabata", na programu ile ilipoomba kusoma majina yote yeye alibonyeza "Ruhusu", kama tunavyobonyeza sote.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa 2024. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa inatumika tangu Mei 2023, na Google walikuwa wameshapiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lao kugusa majina na picha za mkopaji. Kijana alinipigia hivyohivyo. Novemba ya mwaka huo Benki Kuu ilipotoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, niliisoma mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya kidato cha nne.

Kilichoninyima usingizi usiku ule lakini hakikuwa yule kijana. Ni hesabu niliyoipiga nikiwa nimeshalala: simu yangu mwenyewe ina majina zaidi ya elfu moja na mia nane. Mabibi harusi, wenyeviti wa kamati, mawifi, wenye kumbi, wapishi. Nimemruhusu nani ayasome? Nikafungua Mipangilio, nikaingia kwenye ruhusa. Programu ishirini na tatu. Moja ni ya tochi.

Ndipo nilipoanza kufuatilia habari za GrapheneOS. Ni Android ileile, ila imefanyiwa kazi upya na mradi usio wa kibiashara. Unaipata bure, haiji na Google ndani, na ukiamua kuiweka Google inakaa kama programu nyingine yoyote: inabisha hodi, inaomba ruhusa, inanyimwa. Kichekesho ni kwamba mpaka naandika haya inaingia kwenye Pixel tu, simu za Google wenyewe.

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kutafuta Pixel 7 ya mtumba. Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Pixel nyingi zinazotua kwetu zimetoka Marekani, na baadhi ziliuzwa kule na kampuni za simu zilizozifunga. Sisemi kufungwa laini, kule ambako muuzaji anakwambia "hii iko wazi bosi, inashika mitandao yote." Kuna kufuli jingine, la mlango ambao mfumo wa simu unapitia simu inapowaka, mafundi wanauita butiloda. Kama kampuni ililifunga hilo, GrapheneOS usahau. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, gonga namba ya muundo (Build number) mara saba mpaka chaguo za wasanidi zijitokeze. Unganisha simu na intaneti, halafu tafuta swichi ya kuruhusu lile kufuli lifunguliwe, kwa Kiingereza imeandikwa OEM unlocking. Ikiwa imefifia na haiguswi hata simu ikiwa na bando, mrudishie mwenye nayo.

Ya kwanza ilikuwa imefifia. Ya pili nayo. Muuzaji akaanza kuniangalia kama nimetumwa. "Dada, unanunua simu au unafanya ukaguzi?" Ya tatu ikakubali. Nikatoa laki sita kasoro elfu ishirini, kava nikaongezewa.

Kuiweka GrapheneOS kwenyewe si kazi ya fundi. Unachomeka simu kwenye kompyuta, unafungua tovuti ya mradi, unabonyeza vitufe kwa mpangilio waliouandika. Mzigo unaoshuka unazidi GB moja, kwa hiyo bando liwepo. Kila kilichomo kwenye simu kinafutika. Waya wangu wa kuchajia wa buku tatu ulikata kazi katikati mara mbili. Waya wa mdogo wangu ndio uliomaliza. Mwishoni ni lazima ulifunge tena lile kufuli. Ukiliacha wazi umejenga ukuta ukasahau geti. Tangu hapo kila simu ikiwaka inaonyesha onyo la njano kwamba mfumo huu si wa kiwandani. Mama aliliona siku moja, akasema simu yangu ina virusi. Hajabadili msimamo.

Sasa yale majina.

GrapheneOS ina kipengele kinaitwa Contact Scopes. Programu ikidai majina, huna haja ya kuikatalia ikanuna na kugoma kufunguka. Inaaminishwa imeruhusiwa, ila inakuta daftari tupu, au inakuta yale machache uliyochagua wewe. Siku ya kwanza niliipenda mno. Nikaipa WhatsApp daftari tupu, nikajiona mjanja wa mji.

Usipokuwa na jina la mtu, WhatsApp inakuonyesha namba yake na lile jina alilojipa mwenyewe. Na Watanzania hatujipi majina, tunajipa dua. "Mungu Mwema." "Asante Yesu." "Alhamdulillah." Wiki ya pili nikawa na mabibi harusi wawili mkononi, mmoja wa Sinza na mmoja wa Mbagala, wote wanasomeka "Yote Heri", namba zao zinaanza sawa, na picha zote mbili ni maua. Nikamtumia wa Sinza kadi ya wa Mbagala.

Akajibu kistaarabu: "Dada, kadi nimeipenda. Ila huyu bwana simjui."

Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba chini ya kadi nilikuwa nimeambatanisha orodha ya ahadi za kamati: jina, kiasi, nani ametoa, nani bado anajipanga. Nikaifuta kwa wote, lakini tiki zilikuwa zimeshageuka bluu. Nikampigia wa Mbagala nikamweleza, kwa sababu orodha ile ni yake, si yangu. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Ameona na jina la baba?" Alikuwa ameliona. Baba aliahidi laki tano na safu yake ilikuwa haina kitu. Nilimpunguzia elfu hamsini kwenye bei, na bado kila nikipita Mbagala naona aibu.

Kwa hiyo mimi niliyekimbia ili siri za watu zisivuje, nimezimwaga kwa mkono wangu, tena nikiwa ndani ya simu inayosifiwa kwa usiri. Jioni hiyo nikatengeneza kundi la majina nikaliita "Wateja wa sasa", nikaipa WhatsApp hilo tu. Harusi ikipita, namuondoa mtu. Familia hawamo kabisa. Namba ya mama naijua kwa kichwa, na shangazi anajulikana kwa urefu wa ujumbe wake wa sauti. Sijidanganyi kwamba WhatsApp haijui naongea na nani, maana ninapochati inapita kwao. Ninachokificha ni wale ambao sijawahi kuchati nao humo: daktari, mwenye nyumba, mteja aliyeachana na mchumba akaniomba nifute kila kitu.

Kitu kingine ninachokitumia kila siku ni kuinyima programu intaneti. Android ya kawaida haikupi swichi hiyo. Hapa ipo kwa kila programu. Kibodi yangu haina intaneti, na haiihitaji. Kila ninachoandika kinapitia pale, namba za siri za M-Pesa zikiwemo, sasa iitakie nini? Kamera ya Google nimeiweka, nayo haina intaneti, na picha inapiga zuri vilevile. Kuna kipengele kama kile cha majina kwa upande wa mafaili pia: programu ya kuhariri picha inaona folda ya kadi tu, haioni picha za watoto wa dada.

Mahali ulipo ni hadithi nyingine. Tangu Android 12 unaweza kuiambia programu mahali pa takriban badala ya pale hasa uliposimama, na hili lipo hata kwenye simu yako ya sasa, huhitaji Pixel. Programu yangu ya nyakati za swala ina takriban. Alfajiri ya Tabata na ya Ilala haziachani kiasi cha kuhitaji kujua mlango wangu. Ya kuita bodaboda nayo niliipa takriban, kwa ubahili uleule, na siku hiyo mvua inatishia, nina boksi la kadi mia mbili kichwani, dereva anapiga: "Dada, mimi nipo hapa sheli." Sheli gani? Hapakuwa na sheli karibu nami. Tulitafutana dakika kumi na tano. Sasa ninaipa mahali halisi wakati ninaitumia tu, nikishuka inasahau.

Benki ndiyo iliyonitoa jasho. Nina akaunti mbili. Programu ya benki moja ilifunguka bila neno. Ya pili, ambayo ndiyo ninamopokelea hela za wateja wakubwa, iliandika kwamba kifaa hiki hakiruhusiwi ikajifunga. Sababu ni kwamba programu za namna hiyo humuuliza Google kama simu iko kwenye mfumo uliothibitishwa naye, na GrapheneOS haimo kwenye orodha ya Google hata kama kufuli limefungwa na masasisho yameingia jana. Niliandikia huduma kwa wateja. Wakanijibu nijaribu kuizima na kuiwasha.

Suluhisho langu linachekesha. Simu yangu ya zamani, ile yenye programu zisizofutika zilizotoka nazo kiwandani, ile inayoniletea matangazo hata nikiwa sijaifungua, ipo kabatini imezimwa, na ndiyo benki inayoiamini. Ijumaa naitoa, nahamisha hela, nairudisha. Mambo mengine nimerudi kwenye menyu ya M-Pesa, *150*00#. LUKU nanunua hapo, wauza karatasi nawalipa hapo. Menyu ile ni ya kizamani lakini haijawahi kuniomba kusoma picha zangu. Kulipa kwa kugusisha simu kwa Google hakupo kabisa kwenye GrapheneOS, na kwa maisha yangu ya Tabata sijawahi kukuhitaji.

Madogomadogo: betri inanifikisha jioni, basi. Tundu la laini ni moja, ya pili nililazimika kwenda dukani kwa mtandao wanigeuzie iwe eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Simu ikikaa imefungwa saa 18 bila kuguswa inajizima na kuwaka yenyewe, ili aliyeiokota apate shida zaidi. Siku niliyolala na malaria ilifanya hivyo na WhatsApp haikuleta kitu mpaka nilipoweka namba ya siri. Muda huo unabadilishwa, nimeuacha. Kuna pia namba ya siri ya pili, ya kumpa mwizi anayekushikia kisu: ukiiweka simu inafuta kila kitu. Sijawahi kuijaribu na sina hamu.

Msichotakiwa kutegemea ni kutoweka. Laini yangu imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA kama ya kila mtu, mtandao unajua nimeshika mnara upi, na M-Pesa wanajua nimemlipa nani. GrapheneOS haigusi hayo. Inagusa programu zilizomo mfukoni mwangu, na kwa hizo nimeridhika. Majina elfu moja na mia nane yalikuwa yanasomwa na programu ishirini na tatu. Sasa yote yanasomwa na moja, ile ya kupigia simu.

Ningemshauri nani? Anayeshika taarifa za watu wengine kwa kazi yake na ana subira ya jioni mbili tatu. Kwa anayetegemea programu ya benki moja tu, aulize kwanza kama inafunguka humo. Kwa mama yangu, hapana. Kwa binti wa shangazi nilikaa naye nusu saa kwenye simu yake ileile ya kawaida, tukapita ruhusa moja moja, tukazima majina kwa kila kitu kisichohusika na kupiga simu. Haikugharimu hata senti, na huenda ndiyo nusu saa yenye faida kuliko zote katika mwaka huu.

Wiki iliyopita nilipata namba ya muuza bahasha mpya wa Gerezani. Sijawahi kuongea naye, wala yeye hana namba yangu. Nikampigia kwa hii Pixel iliyofungwa pande zote. Ikaita mara moja.

"Naam, Dada Kadi Tabata!"

"Umenijuaje?"

"Simu imeandika yenyewe hapa. Nina programu inayoniambia nani anapiga."

Nikameza mate. Kisha nikamuuliza bahasha mia tatu za rangi ya dhahabu anauzaje.