Brakteati ya Saxony na pfennig ya Vienna: ipi ni ipi?

Brakteati ni sarafu za kale zenye picha upande mmoja. Zile za Heinrich der Löwe (“Simba”), mtemi wa Saxony huko Ujerumani (1142–1180), zenye picha ya simba, ni bapa la fedha jembamba kama jani kavu, chini ya gramu 1. Ziligongwa kwa muhuri mmoja juu ya kitu laini, kama ngozi, ndiyo maana nyuma picha hiyohiyo huonekana imebonyea. Ikipindika, usiinyooshe kwa vidole. Fedha ya kale hukakamaa, itapasuka tu. Ishike ukingoni, uihifadhi ikiwa imelala.

Pfennig ya Vienna, sarafu ya fedha ya watemi wa Austria, ni ndogo na nene zaidi, ina picha pande mbili, ingawa ya nyuma mara nyingi haisomeki. Kipande kilipigwa nyundo kandokando mara nne, kikakaribia mraba. Usidhani kimemegwa na mwizi. Kwa uimara, hii inashinda.

Kwa raia, zote zilikuwa kero: walilazimika kurudisha sarafu za zamani, wakapewa mpya zenye idadi pungufu. Vienna, Mtemi Rudolf IV wa Austria aliacha mtindo huo mwaka 1359, akaweka kodi ya vinywaji badala yake.