SVP kwa kompyuta: muvi zimekuwa laini kweli

Wadau, mie hapa Kisauni nimeitumia SVP (SmoothVideo Project, programu ya kulainisha video) wiki tatu saa hii na naipenda wallahi. Muvi nyingi zarekodiwa fremu (yani picha moja moja) 24 kwa sekunde na skrini nyingi za nyumbani zabadili picha mara 60 kwa sekunde, sasa kamera ikizunguka polepole picha inarukaruka mpaka macho yauma. Hii programu yaangalia fremu mbili zinazofuatana, inapima kila kitu kimesogea wapi alafu inabuni zile za katikati hapo hapo ukiwa watazama. Mie naichezesha na mpv, ile programu ya kuchezea video.

Ile video ya harusi ya dadangu, kina mama wakicheza lelemama, yani nilirudia mara tatu, mamangu akauliza kama ni video mpya! Ila mikono ikienda kasi sana kingo huonekana kama zayeyuka, na hilo ni la kazi yoyote ya kubuni fremu, punguza tu setingi. Laptop nayo yafanya kazi nzito, na joto hili la Mombasa mwekee feni kabisa. Kwa Linux ni bure, Windows ile Pro ni ya kulipia.