Tahadhari: jostiki "safi kabisa" kwenye vidio, mbovu ukiichomeka kwako

Wenzangu wa Malindi, Watamu na Lamu mnaorusha ndege kwenye kompyuta nyumbani, kuna mtu anauza jostiki (ule mkono wa kuongozea ndege) zilizotumika, anazituma kwa basi kutoka Mombasa. Mimi keshanilia shilingi 6,500. Jina la ukurasa wake halina maana, kila mara anafungua mwingine. Ushikeni ujanja wenyewe.

Aliniahidi jostiki ya sensa za sumaku, zile ambazo hakuna kinachosuguana ndani kwa hiyo hazichakai upesi. Akanitumia vidio: ndege imenyooka angani, jostiki imeachiwa, haiyumbi hata kidogo. Nikatuma pesa. Mzigo ulipofika nikafungua X-Plane, simuleta yangu ya kurusha ndege, nikaruka Malindi kwenda Manda, uwanja wa Lamu, kama kawaida yangu. Sijafika hata Mambrui, ndege inavuta kushoto kama gari iliyopoteza alaimenti. Nikiachia tu mkono, inaelekea bara. Manda nilitua kwenye mikoko.

Nikampigia. "Ndugu yangu, wewe hujakalibreti." Haya. Ni kweli jostiki mbili za aina moja hazilingani, hata zikiwa mpya. Katikati ya hii si katikati ya ile, na ndiyo kazi ya kukalibreti: kuifunza kompyuta katikati ya jostiki yako ni wapi. Nikakalibreti mara tatu, nikitazama namba ghafi, zile jostiki inazotuma kabla kompyuta haijazirekebisha. Yangu inasoma 0 hadi 1023, kwa hiyo katikati ni kama 512. Nikiivuta kushoto na kuiachia inatulia 471. Nikiivuta kulia, 548. Nisipoigusa, namba zinarukaruka zenyewe. Hapo hamna dawa: katikati iliyohama ikatulia utairekebisha, inayotangatanga huiwezi.

Nikaifungua. Vichwa vya skrubu vishakwaruzwa na mtu, sumaku hakuna. Ni potenshomita za kawaida, zile ambazo kijimkono husugua njia ya kaboni, na njia yenyewe imelika, zanuka dawa ya kupuliza. Dawa ile huituliza siku mbili tatu, basi.

Na ile vidio? Ndani ya simuleta alitanua eneo mfu la katikati, jostiki ikitikisika kidogo ndege haipati habari. Nami nilikuwa nimekaa hapa nasifu ulaini wake!

Kwa hiyo usikubali vidio ya ndege. Mwambie afungue joy.cpl, dirisha la kupimia jostiki kwenye Windows, maana eneo mfu la simuleta halifiki huko. Afute kalibresheni ya zamani mbele ya kamera, aanze upya namba ghafi zikionekana, avute kila upande na kuachia. Azungushe na kishikio pia. Baadhi ya jostiki za sumaku za kweli, hapo pa usukani wa mkia, unaoendeshwa kwa kuzungusha kishikio, mna potenshomita.

Nilimwomba vidio ya namna hiyo wakati nikidai pesa zangu. Akasema laptopu imeharibika, jioni akanibloku. Leo asubuhi nimeiona ile vidio ya mwanzo kwenye ukurasa mwingine, bei imepanda: 7,000.