Unataka kuanza kutyuni kompyuta ya gari hapa Malindi? Nunua kwa mpangilio huu

Vijana wengi huku kwetu wakishapata Subaru, wiki hiyo hiyo washaanza kuuliza kebo ya kuandikia kompyuta inauzwa wapi. Polepole jamani, kwangu kebo ni namba nne. Kwanza uisome injini, manake gari yenye plagi zilizochoka ama inayovuta hewa pembeni, ukiitilia mapu mpya, yaani mpangilio mpya wa mafuta na cheche ndani ya kompyuta, unaiharakishia kifo tu.

Namba 1 basi ni adapta ya ELM327, na hapa hakuna mjadala. Unaichomeka kwenye ile tundu ya mashimo 16 chini ya usukani, unaunganisha na simu kwa app kama Torque au Car Scanner, na pesa yenyewe ni ndogo. Karibu zote zinazouzwa ni kopi, hata ile inayojiita v1.5, kampuni ya ELM haikuwahi kutoa toleo hilo, lakini ajabu ni kwamba kopi za v1.5 mara nyingi zafanya kazi kuliko zile za v2.1 ambazo amri nyingine hazizielewi kabisa. Mwenye iPhone asichukue ya Bluetooth ya kawaida, haitashika, achukue ya Wi-Fi. Gari za Japani za mwanzo wa miaka ya 2000 zingine tundu zinayo lakini hazizungumzi na adapta, kwa hivyo ijaribu kwa gari yako kabla hujalipa. Ukishashika angalia fueli trimu, yaani kompyuta yaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani, ikicheza kati ya -10 na +10 kwa mia sawa, ikikaa +20 huko kuna hewa inaingia pasipotakikana ama mafuta hayafiki, tengeneza hiyo kwanza. Afu usiiache imechomekwa gari likilala, shimo la 16 lina moto wa betri muda wote.

Hivyo vidude vya "nitro" vya kuchomeka tundu hiyo hiyo, ati vyaongeza nguvu? Wameshavifungua watu, ndani ni taa za kuwakawaka tu.

Namba 2, chaja ya betri yenye umeme uliotulia. Haina raha kuinunua najua, lakini ukiwa katikati ya kuandika kompyuta volti zikashuka, kompyuta yaweza kufa hapo hapo. Na betri yenyewe iwe nzima, stima zetu mwazijua.

Namba 3 ni wideband, yaani sensa ya ekzosi inayopima hasa hewa ni ngapi kwa petroli, na hapa ndo ningemwaga pesa nyingi. Sensa ya kawaida ya ekzosi inajua tu kama uko juu au chini ya 14.7 kwa 1 (hewa kwa petroli), zaidi ya hapo ni kipofu, na turbo ikisukuma unataka petroli nyingi kuliko hiyo, wengi hukaa kwenye 11 na kitu, sasa bila wideband utajuaje? Tafuta inayotumia Bosch LSU 4.9, AEM na Innovate wanazo. Fundi wa kuchomelea aiweke mbali na turbo, imeinama isikalie maji, na usiiache kwenye ekzosi bila umeme, itaharibika.

Namba 4, kebo. Kwa Subaru na Mitsubishi Evo kuna Tactrix Openport 2.0, na programu za EcuFlash na RomRaider ni za bure. Kabla ya kugusa chochote soma faili ya zamani uihifadhi sehemu mbili. Zile KESS (vifaa vingine vya kuandikia kompyuta) za kopi za bei chee sizipendi kwa anayeanza, anayekuuzia muulize kompyuta ikifa atakulipa? Na mwenye Probox, ndugu yangu, injini isiyo na turbo utapata kidogo mno, bakia namba 1 ufurahie namba.

Namba 5 ni Speeduino, kompyuta ya injini ya kujiundia mwenyewe, kwa mwenye gari la zamani la kabureta na subira. Yakaa juu ya bodi ya Arduino Mega, unaipanga kwa programu ya TunerStudio, ila ujue utanunua pia injekta, pampu ya presha na sensa ya krenki, na viungo vya waya uvizibe vizuri mno, chumvi ya bahari huku hula shaba haraka.