Hilux yangu, filta ya koni na mkonga: miezi 14 njia ya Kitulo

Gari ni Hilux ya mwaka 1996, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini). Napanda na mbolea, nashuka na viazi kuja Mbeya mjini, na msimu ukikolea naingia mpaka Kitulo. Wanaoijua njia hiyo hawana haja ya maelezo: ukishaiacha Uyole ni mlima tu hadi Isyonje, halafu mbele yako kuna vumbi linaloingia hata kwenye chupa ya maji iliyofungwa.

Shida yangu ilikuwa moshi. Mlimani gia ya pili, nimekanyaga mafuta yote, nyuma moshi mweusi kama wa tanuri la matofali. Fundi akafungua boneti, akanionyesha pua ya hewa inayoingia ndani ya fenda, mdomo wake haupiti kikombe cha kahawa. "Bosi, injini inakosa hewa. Wajapani wameibana hapa ili isipige kelele." Maneno matamu. Nikatoa 85,000 ya filta ya koni, ile nyekundu, na 30,000 ya ufundi. Kopo la filta likatoka lote na pua yake, koni ikakaa wazi pembeni ya injini.

Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha sana. Gari linavuta pumzi kama fahali, utingo wangu akasema, "Kaka, sasa hili ni la jeshi." Kumbe sikio linadanganya. Mlima uleule, mbolea ileile, bado gia ya pili na bado moshi, tena umezidi kidogo.

Nina kipimajoto cha waya ninachotumia banda la vifaranga. Nikakifunga karibu na koni, waya nikaupitisha dirishani. Nje asubuhi ile ilikuwa nyuzi 19. Tulipokaribia Isyonje kipimajoto kinasoma 58. Hewa ikipata moto inatanuka, kwa hiyo kila mvuto wa pistoni unaleta hewa kidogo kuliko kabla. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 39 nilikuwa napoteza zaidi ya asilimia 10 ya hewa, na nimelipia. Hapo hatujaitaja Mbeya yenyewe. Mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Kitulo, mita 2,600, imepungua zaidi ya robo. Injini isiyo na tabo haina namna ya kuifidia, bomba liwe pana namna gani.

Baada ya hapo nikaanza kushuku kila kitu. Nikapaka grisi nyeupe ndani ya hozi inayotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, nikaenda Kitulo na kurudi. Nilipofungua, grisi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na nikiisugua kati ya vidole inakwaruza kama msasa. Vumbi hilo ndilo lilikuwa linaenda kwenye ringi za pistoni zangu. Usiku ule sikulala vizuri.

Kopo la zamani nikalirudisha kesho yake, na filta mpya ya karatasi. Safari iliyofuata grisi ilibaki nyeupe. Lakini bado nilitaka kujua kama ile pua inabana kweli, maana fundi hakuwa amepima chochote, na mimi pia sikuwa nimepima. Jirani yangu ni mwashi. Nikaazima mpira wake wa maji wa kupimia usawa wa msingi, nikaukunja umbo la U kwenye ubao, ncha moja nikaichomeka kwenye hozi baada ya filta, nyingine nikaiacha wazi. Injini ikivuta, maji yanapanda upande mmoja na kushuka mwingine; kadiri njia ya hewa inavyobana, ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Dizeli ya aina hii haihitaji mzigo ili ivute hewa yote, unapandisha resi mpaka mwisho gari likiwa limesimama. Maji yanatetemeka lakini yanasomeka.

Filta ya zamani, ile niliyokuwa naipuliza kwa upepo kila wiki nikijiona mjanja: sentimita 41. Filta mpya na pua ya kiwandani: 15. Filta mpya bila pua: 12. Koni: 9.

Sasa piga hesabu. Mgandamizo wa hewa ya Mbeya unabeba maji kimo cha karibu mita 8.4. Sentimita 6 ambazo koni imeokoa hazifiki asilimia moja ya hapo. Nilipata hiyo, nikapoteza zile zaidi ya 10 kwa joto. Na aliyekuwa ananikaba muda wote ni filta chafu.

Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda nje ya gari hadi juu ya kioo, niliuweka mwezi wa tatu, 250,000 pamoja na kutoboa fenda. Sikuutaka kwa ajili ya nguvu. Nilitaka hewa ya juu ya kioo, ambako vumbi la gari la mbele ni jepesi na hakuna joto la injini. Maji yalisoma 16, maana yake unabana zaidi kidogo kuliko pua ya kiwandani. Ila filta sasa inakaa wiki tatu kabla haijabadilika rangi, na zamani ilikuwa wiki moja. Kwangu hiyo inatosha.

Kwenye kufunga niliumizwa. Fundi wa pili (simtaji) alifunga kiungo cha ndani ya fenda kwa klempu moja na selotepu nyeusi. Mvua ya kwanza nikakuta maji chini ya kopo. Ilibidi kung'oa fenda upya, kuweka hozi ya mpira mzito, klempu mbili na silikoni. Ukiwekewa mkonga, ziba tundu zote za zamani, kisha ukiwasha gari funika mdomo wa juu kwa kiganja. Injini ikizima, viungo ni vizima. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inapumua kwingine. Ondoa saa na pete kwanza, inavuta kwelikweli.

Na moshi? Ulikuwa wa pampu ya dizeli. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameifungulia mafuta, huenda Dar injini ilikuwa inayamudu, huku juu hewa ya kuyachoma haipo. Fundi wa pampu akaipunguza na kubadilisha nozeli mbili, 140,000. Mlima wa Isyonje bado naupanda kwa gia ya pili, nyuma kweupe.

Koni nyekundu ipo stoo. Anayeitaka aje na elfu ishirini, aichukue na klempu zake.